Ikilia, Usipokee

Siku hizi mtu akinilalamikia kwamba intaneti yake inakwenda polepole, namwangalia tu. Laiti angekuwepo mtaani kwetu Bwiza miaka ile ya vita, akakaa kwenye siber, kile chumba cha kukodi intaneti, iliyokuwa mlango wa pili kutoka kwangu, akasubiri picha moja ishuke kutoka juu kwenda chini, kipande baada ya kipande, mpaka muda aliolipia uishe kabla hajaiona hata pua ya ndugu yake. Hapo ndipo angejua polepole ni nini.

Nilikuwa na chumba kidogo mbele ya nyumba yetu, kinachotazama barabara. Niliuza kadi za simu na kuchaji simu za watu. Umeme ukikatika, na ulikatika upendavyo wenyewe, nilichaji kwa betri ya gari niliyouziwa na fundi mmoja mwongo. Lakini watu hawakunijia kwa ajili ya kadi tu. Walinijia kwa ushauri, maana mtaa mzima ulijua kwamba nina mkono wa birika na wala sioni haya. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekimbilia mbali, na kila nyumba ilitaka kumsikia, na hakuna aliyekuwa na unite za kutosha. Unite ndilo jina tulilozipa pesa za kuongelea zilizomo ndani ya simu. Mpaka leo sijui kuzitaja kwa jina jingine.

Nilikuwa na somo langu, na nililitoa bila kuombwa. Usikae mbele ya mashine ya siber ndiyo uanze kufikiria cha kuandika. Fikiria nyumbani ukichambua maharage, andika kwenye karatasi, ukifika unanakili tu. Zima picha, hukuja kuangalia picha. Fungua kurasa mbili kwa pamoja, ili moja ikiwa bado inajikokota, wewe unasoma nyingine. Nenda asubuhi kabla watu wa ofisini hawajaijaza laini. Kama nyumbani mko wengi, fungueni anwani moja ya bure na kila barua ianze kwa kusema ni ya nani. Na kabla hujalipa, jaribu kibodi, maana zile za kwetu zilikuwa za Kifaransa na zilikuwa na herufi zimechakaa mpaka hazisomeki.

Kuna bwana mmoja alikuja siku moja amevaa koti na tai ili amwandikie mdogo wake aliyekuwa Ulaya, kama vile mdogo wake angemwona. Alikaa, akawa anaitafuta ile alama ya katikati ya anwani. Aliona aibu kuuliza. Alipokuja kunigongea mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ile a yenye mukia iko wapi?" Nilikwenda nikambonyezea vitufe viwili. Muda wake ulikuwa umekwisha. Alicheka, mimi nikacheka, halafu akaacha kucheka akabaki amekaa pale na tai yake, na mwenye siber, ambaye hakuwahi kumwongezea mtu dakika, akamwongezea.

Lakini ufundi wenyewe, ule uliotuweka hai, ulikuwa kubipu. Vijana wa sasa wanaona ni ushamba. Unapiga namba ya mwenzako, unaacha iite mara moja, unakata kabla hajapokea. Hujatumia chochote, naye ameona jina lako. Kila familia ilikuwa na mapatano yake. Kwetu moja ilikuwa nimefika salama, mbili ilikuwa nipigie kuna jambo. Na juu ya mapatano yote kulikuwa na sheria moja ambayo nimewafundisha watu wazima mpaka sauti ikakauka: ikilia, usipokee. Ukipokea umemla mwenzako unite zake bila kumpa chochote. Nimeona mtu na binamu yake wakinuniana mwaka mzima kwa sababu mmoja alipokea bip.

Mama aliishika sheria hiyo kama katekisimu. Simu ilipolia aliificha mikono yake ndani ya kitenge, yote miwili, kama vile ungeweza kumponyoka mmoja ukaenda wenyewe. Alisubiri inyamaze. Halafu alisema, "Amefika," na nyumba nzima ikapumua.

Aliyefika alikuwa dada yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ngozi, juu milimani, yeye na mumewe, na walikuwa bado hawajapata mtoto. Mtandao ulikuwa umefika Ngozi lakini haukufika nyumbani kwao. Ili uupate ilikupasa upande kilima nyuma ya soko, kwenye mikaratusi, usimame mahali fulani na wala si hatua moja kando. Kila jioni kabla giza halijaingia dada alipanda pale, akabipu, akashuka. Sisi huku chini, kwa kuwa betri ya simu ya Mama ilikuwa imezeeka, nilimzoesha kuizima kutwa nzima na kuiwasha saa ile tu. Iliwashwa, ikalia mara moja, ikazimwa. Mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka, dada alinunua kadi na kupiga simu ya kweli. Siku hiyo Mama alipokea, akapiga kelele kana kwamba anataka kusikika Ngozi kwa nguvu za kifua chake. Walizungumza kuhusu chumvi, kuhusu mafua, kuhusu mke wa jirani. Hakuna sikukuu niliyoipenda kuliko hiyo.

Dada alikuwa haji kwetu kwa sababu ya barabara. Kutoka juu magari yalishuka kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma, na bado watu walipigwa risasi msituni. Mama alimkataza moja kwa moja. Nilikuwepo siku alipomwambia kwenye simu, "Mi nataka bip yako. Sitaki banilete habari yako." Dada alikubali. Alikuwa mtu wa kukubali haraka na kufanya anavyotaka.

Shemeji, yule mumewe, alikuwa mtu mpole mwenye mabega mapana. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamwangalii usoni, hali chakula mbele yake, na akiwa na neno analipitisha kwa mkewe au kwangu. Miaka yote ya ndoa ile sikumbuki Mama na yeye wakizungumza zaidi ya salamu. Aliheshimiwa, na kuheshimiwa kwake kulikuwa ni kunyamaziwa.

Asubuhi moja kikombe cha chai kilimwanguka Mama kutoka mkono wa kushoto. Alikiangalia kikombe kwa hasira kama kimemfanyia makusudi, akataka kusema kitu, na mdomo ukaenda upande. Tulimpeleka hospitalini kwenye gari la jirani. Ilikuwa tansiyo, ile presha ya damu. Alipoanza kupata nafuu na kuruhusiwa kurudi nyumbani, daktari alinivuta kando kwenye ukumbi akaniambia nimkinge na jambo moja kuliko yote, nalo ni habari nzito. Damu yake haijatulia, alisema. Mtu akimletea habari nzito sasa hivi, tutampoteza.

Nilimpigia dada kwa simu yangu, simu ya kweli, unite zikiyeyuka nikiwa naziona. Hakulia. Akasema kwa ile sauti yake ya kufundishia, "Nashuka."

"Mama amekataza."

"Hatajua. Msafara ukiwepo napanda gari. Simu namuachia bwana, barabarani wananyang'anya simu. Saa yetu ikifika atapanda kule juu ambipu Mama kama kawaida. Mama atajua niko nyumbani, halafu atashituka niko kwenye mlango."

"Dada, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? We ngoja tu na ndagala, unikarangie." Akacheka. Sikuweza kumkataza mtu anayecheka vile. Na ukweli ni kwamba nilitaka aje. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu na ule mkono wa Mama uliolala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine.

Siku yenyewe nilikaranga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nikazifunika, nikazificha nyuma ya ndoo ili Mama asiulize za nani. Nilifungua duka na sikuuza chochote. Kila gari lililopunguza mwendo nilitoka kulitazama. Jua likaanza kushuka, hakuna mtu. Saa ikafika. Nikaingia ndani nikawasha simu ya Mama, nikaiweka juu ya kistuli kando ya kitanda, nikakaa.

Ikalia, mara moja. Jina la dada likatokea kwenye kioo.

"Amefika," akasema Mama.

Alikula vizuri jioni ile kuliko siku zote tangu atoke hospitalini. Aliniomba nimwongezee. Mimi nilikuwa naenda langoni na kurudi mpaka saa ya kutotoka nje ilipotufungia wote ndani, nikajiambia kwamba gari limeharibika, wamelala njiani Bugarama, watu wengi hulala Bugarama.

Asubuhi alikuja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, kwa baiskeli kutoka Buterere. Hakuingia. Alisimama nje akaniita kwa mkono. Alikuwa mtu ambaye hawezi kupita mlangoni pa Mama bila kumsalimia kwa sauti kubwa na utani, na nilipoona ananiita kwa mkono nilijua kabla hajafungua kinywa. Basi alilokuwemo dada lilipigwa risasi msituni, likaungua. Waliokufa walizikwa palepale kando ya barabara, kwa pamoja, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine.

Ilikuwa mchana, alisema. Mchana, jua likiwa juu. Kwa hiyo wakati shemeji anapanda nyuma ya soko na simu mfukoni, akitimiza alivyoagizwa na mkewe, mkewe alikuwa amekwisha kufa. Na wakati Mama anasema amefika, alikuwa amekwisha kufa. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na neno hilo sijapatana nalo.

Tulifanya kikao nyuma ya duka langu, baba mdogo, majirani wawili watatu na mimi. Hakukuwa na cha kujadili sana. "Tumezika mumoja," baba mdogo alisema. "Ya pili sitaki. Mama yenu apone kwanza." Mtaa mzima ukaambiwa. Nimeyaona mengi ya kuchukiza katika vita ile, na jirani na jirani wakigeukana, lakini na hili nililiona: wanawake wa barabara yetu waliingia kumsalimia Mama, wakazungumza naye habari za sukari iliyoadimika, wakamchekesha, kisha wakatoka wakaja kulilia kwenye kiduka changu, wamejibana kati ya meza na ukuta, khanga mdomoni. Hakuna hata mmoja aliyeteleza ulimi.

Jioni ile ya pili nilikuwa na uongo wangu tayari. Ningesema mtandao wa Ngozi umeharibika, jambo lililotokea kila mara. Niliwasha simu kwa sababu Mama alikuwa ananiangalia, nikaiweka kwenye kistuli, nikafungua mdomo niseme.

Ikalia, mara moja. Jina lake.

Nilishika ukingo wa kitanda. Kwa muda mfupi sana, na naona aibu kusema jinsi ulivyokuwa mtamu, niliamini kwamba baba mdogo amekosea. Mama akasema neno lake. Nikatoka nje.

Kesho yake nilimpigia shemeji kwa simu yangu. Alichelewa kujibu, halafu alizungumza kama mtu anayejieleza mbele ya mwalimu mkuu. "Sikupanga. Saa ilifika, nikaona miguu inanipeleka kule juu. Alikuwa ameniagiza. Alisema nibipu mpaka yeye mwenyewe aniambie basi. Hajaniambia basi."

Sikujua nimshukuru au nimtukane. Nilikata. Lakini siku moja, nikiwa nimechoka na mchezo ule, niliiacha simu imezimwa makusudi nikamwambia Mama betri imekufa. Alisema sawa. Hakula. Sahani ilikaa mapajani mwake mpaka mchuzi ukaganda, na mdomo wake, uliokuwa umeanza kunyooka, ulikuwa umepinda tena. Niliogopa. Nilimpigia shemeji tena, nikamwambia asiache. Yeye ndiye aliyetaka kuacha sasa. Alisema akipanda pale kwenye mikaratusi na simu ya marehemu watu wanamwangalia, wameanza kusema amerukwa na akili. Nilimwambia waache waseme. Tazama ukatili ambao watu hufanyiana kwa sababu ya mapenzi. Nilimtuma mjane kila jioni apande mlima akamwigize mkewe.

Na mpango wetu ulifanikiwa kwa sababu ya ubahili wetu tu. Familia iliyozoea kupigiana simu kama matajiri ingekamatwa siku ya kwanza. Sisi sauti hatukuizoea. Tuliridhika na mlio mmoja na jina kwenye kioo, na mlio hauna sauti ya mtu.

Matanga tuliyafanya Buterere, kwa baba mdogo, ili Mama asione. Mvua ilikuwa imenyesha na mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji mpaka karibu na ukuta wa nyumba, watu wakapita juu ya mbao. Mimi nilimuaga Mama kwamba naenda kununua mchele. Nilifika na kikapu changu kitupu, nikakaa kwenye mkeka na wanawake, na kwa mara ya kwanza nikamlilia dada yangu kwa sauti. Lakini nililia jicho moja likiwa kwenye jua. Mwenye kuwasha simu nilikuwa mimi. Wenzangu walikuwa bado wanaimba nilipoinuka. Shangazi mmoja alininawisha uso kwa maji ya kisima, akanipaka poda chini ya macho, akanijazia kikapu mchele wa jirani. Nilirudi Bwiza nimebeba mchele wa msibani nikaupika, na Mama akausifu. Aliuliza nimeupata wapi mchele mtamu hivi.

Sikupata kumlilia tena vile. Hasira ninayo hadi leo, wala siionei haya. Siwakasirikii wale wenye bunduki peke yao. Nakasirikia na mkeka ule niliouacha kabla sijamaliza kulia.

Mama alikuwa anapona. Vidole vya kushoto vilianza kushika kijiko. Alianza kugombana nami kuhusu chumvi, na nilifurahi kila alipogomba. Mwisho wa mwezi ukafika. Alijua. Aliomba nimsuke nywele, akavaa blauzi safi, akakaa wima kwenye kiti badala ya kitandani kuisubiri ile simu ya kweli. Ikaja bip. Akaificha mikono kwa mazoea, ikanyamaza, na hakusema neno lake.

"Mishahara haijatoka, Mama," nikasema. "Hata walimu wa hapa mjini wanalalamika."

"Ndiyo," akasema.

Siku zilizofuata simu ikilia aliitazama tu, na baada ya hapo alinitazama mimi, na mimi nikawa na kazi nyingi jikoni. Nilijua kuna kitu kinakuja. Nilimuuliza daktari tena. Akasema damu imeshuka vizuri, lakini tusubiri bado. Nikasema tutasubiri.

Mama hakusubiri. Jioni moja nilipoiweka simu kwenye kistuli, alikivuta kistuli mpaka magotini mwake. Mikono ilikuwa juu ya kitenge, nje. Ilipoanza kulia, kabla haijamaliza ule mlio mmoja, aliichukua kwa mkono wa kulia na kubonyeza kile kitufe cha kijani. Nilimwona akikibonyeza na sikuweza kunyanyuka.

"Alo," akasema.

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Kulikuwa na upepo, na kwenye upepo kulikuwa na mtu anayepumua.

"Mukwe," akasema Mama. Sikuwahi kumsikia akimwita kwa kinywa chake. "Ni we. Usiogope. Sema."

"Mama," sauti ya shemeji ikasema, moja tu, na simu ikakatika. Alikuwa na unite za kubipu, hakuwa na za kuongea.

Mama alinigeukia. Uso wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. "Weka unite," akasema.

"Mama, daktari amesema…"

"Weka. We si unauza?"

Nilikwenda dukani nikarudi na kadi zangu. Nilikwangua ya kwanza kwa nguvu mpaka namba zikachanika, nikaitupa, nikachukua nyingine. Nilikuwa nalia na sikujificha tena. Nikamuuliza amejua tangu lini. Alikuwa anaangalia vidole vyangu vinavyokwangua.

"Mutoto wangu ni bahili," akasema. "We ni bahili, na yeye ni bahili, mi ndiye nilibafundisha. Lakini mi niko mugonjwa. Mukono yangu imekufa. Yeye anajua. Siku zote hizi anabipu tu, hata siku moja hasemi pole Mama? Apana. Angeuza kitenge chake anipigie." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono mzima. "Nilikuwa nabaonea huruma. We na ule bwana. Minaona munajikaza. Nikasema niache bajikaze kidogo, labda inabasaidia. Sasa basi."

Niliingiza namba za kadi. Niliingiza za pili na za tatu, zote nilizokuwa nimekuja nazo, sikuhesabu. Nikapiga namba ya dada yangu, nikampa Mama simu.

Shemeji alipokea kabla haijaita vizuri. Nadhani hakuwa ametoka pale kwenye mikaratusi, alijua tutapiga, au hakuwa na nguvu za kushuka. Nilimsikia analia, mwanamume yule mwenye mabega, analia kama anavyolia mtu aliyebeba kitu kizito peke yake na ameruhusiwa kukitua. Mama hakumnyamazisha. Alimwacha alie, na unite zinakwenda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuangalia saa.

Nilingoja Mama amuulize ilikuwaje, ni wapi, ni nani, amezikwa namna gani. Nilikuwa nimejiandaa kumshika akianguka. Alipoona kilio kimepungua, akaiweka simu vizuri sikioni, akainama kidogo kama anayemnong'oneza mtoto.

"Siku ile," akasema, "alitoka nyumbani amekula?"

Sikusikia jibu, kwa sababu alikuwa ameibana simu sikioni. Lilikuwa jibu refu. Nadhani shemeji alimwambia kila kitu, chai ilikuwaje, viazi vilikuwa vingapi, alivilia wapi. Mama alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, machozi yakimshuka mpaka shingoni, na ule mkono wake wa kushoto ulioanza kupona ulikuwa unapapasa kitenge juu ya goti, taratibu, kana kwamba kuna kichwa cha mtoto pale.